Karatasi Niliyomwachia Mama Mkwe

Ninyi mnaoanza kazi mwezi huu, mlioniomba nije niwaambie maneno mawili matatu kabla hamjashika njia, nawaonea wivu kidogo. Mna simu zinazoonyesha barabara, mna pikipiki, mna karatasi zinazotoka kwenye mashine zikiwa zimekwisha kuandikwa. Mimi nilianza na kalamu mbili, mfuko mmoja wa plastiki na miguu yangu. Ule mfuko ulikuwa wa kubebea karatasi, msidhani ni wa chakula. Shikeni hilo kwanza: kwenye mvua ya Walikale, huissier analowa yeye, karatasi hailowi.

Kwa wale waliokuja kusikiliza tu, huissier ndiye anayepeleka karatasi za tribinali hadi mlangoni kwa watu. Mtu ameshtakiwa, unampelekea. Mashtaka yake yamefutwa, unampelekea vilevile. Ukirudi ofisini unaandika kwenye nakala kwamba ulifika siku fulani, ukamkuta fulani, ukamkabidhi mkononi. Hakimu hakuwa pale, lakini anaamini ulichoandika, na siku za sheria zinaanza kuhesabiwa hapo. Kazi nzima ni hiyo, na mimi nilikaribia kuharibu maisha ya kijiji kizima kwa maneno mawili niliyoyaandika bila kufikiri.

Lakini ngojeni, kwanza niwafundishe kuingia kijijini. Usifike ukauliza, "Fulani anaishi wapi?" Ukiwa na mfuko wa karatasi na viatu vya serikali, fulani atakuwa amehamia mbali au amekufa. Mara moja, kwenye milima ya Masisi, bwana mmoja aliniambia kwa uchungu kabisa kwamba mtu ninayemtafuta walimzika wakati wa kupanda maharagwe. Alikuwa bado anafuta macho, mke wake akaita kutoka jikoni, kwa jina lile lile, "Kuya ukule, chakula inapoa!" Tuliangaliana. Nikamwambia pole kwa msiba, naye akanikaribisha mezani, akatia sahihi akiwa na kipande cha jibini mdomoni.

Kwa hiyo ukifika, omba maji ya kunywa. Nani atakunyima maji? Unakunywa, unaketi, unasifu mbuzi wao, unauliza habari za mvua. Mtu akikupa maji, ni vigumu kwake kukudanganya baadaye. Mbinu hiyo nilipewa na Papa Anatole, mkubwa wa makarani wetu, na sitawaacha mwondoke hapa bila kumjua.

Papa Anatole alizaliwa Bweremana, kando ya ziwa, na kila Jumatatu alikuja na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, kwenye karatasi ya gazeti. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na tabia ya kuweka kiwiko chake juu ya rejista kila alipozungumza na mtu, hata na hakimu. Vita vilipotufikia na watu wote wakakimbia, wengine walibeba godoro, wengine kuku. Yeye alifunga rejista tatu kubwa kwa kikwembe, kitenge cha mke wake, akazibeba kichwani siku mbili. Mke wake alikuwa akisimulia habari hiyo kwa hasira mpaka uzee wake, kwa sababu sufuria zote zilibaki. Mimi nilimpenda mzee yule, nami sioni haya kusema hivyo.

Sasa habari yenyewe. Sitawaambia tribinali ilikuwa ipi, hiyo haitawasaidia kitu.

Katika kijiji kimoja kabla ya kufika Buleusa alikuwepo mkulima aliyeitwa Papa Bauma. Kijiji chao kilikuwa na chemchemi moja nzuri, inatoka kwenye mawe juu kidogo ya nyumba. Tajiri mmoja akapanda michikichi pande zile, akazungusha senyenge, na ile njia ya chemchemi ikabaki ndani ya senyenge. Wanawake wakawa wanateremka mtoni, mahali ambapo kila familia ilikuwa ikiloweka mihogo. Mnayajua maji ya muhogo ulioloweka siku tatu. Watoto walianza kuumwa tumbo. Papa Bauma hakuchukua panga ili akakate senyenge, ingawa vijana walimwomba afanye hivyo. Alitembea hadi kwetu akashtaki, ili njia ifunguliwe.

Siku ya kusikilizwa, hakufika. Mto ulikuwa umechukua daraja la miti, akafika kesho yake akiwa na matope hadi kiunoni. Avoka wa tajiri, yaani wakili wake, aliyetoka Goma kwa gari, alikuwa amekwisha kuomba mashtaka yafutwe kwa sababu mwenye kushtaki hayupo. Yakafutwa. Mashtaka yakifutwa hivyo, sheria inampa mtu siku kumi na tano za kuyarudisha, kuanzia siku karatasi ya uamuzi inapofika mkononi mwake au kwa ndugu anayeishi naye nyumba moja. Zikipita, basi. Papa Anatole alimweleza hivyo mlangoni, akamwambia arudi nyumbani angojee ile karatasi, maana ilikuwa haijaandikwa. Ilipoandikwa, nikatumwa mimi kuipeleka.

Nilifika kwake mchana nikiwa nimechoka kabisa. Papa Bauma alikuwa shambani mbali, ndani ya msitu. Mke wake, Feza, alikuwa kwenye kituo cha afya, amejifungua siku nne zilizopita na homa imempata. Nyuma ya jiko nilimkuta mwanamke mtu mzima akifunga nguo za mtoto ndani ya kikwembe. Nikaomba maji. Akanipa kikombe, nikanywa, na yalikuwa yananuka muhogo. Niliyameza kwa adabu.

"Mama, wewe ni nani wa hapa?" nikauliza.

"Mimi ni mama ya Feza. Nilikuya kusaidia mutoto."

"Basi uko mukwe wa Papa Bauma. Iko karatasi yake hapa, ya tribinali. Umupe."

Aliipokea kwa mikono miwili. "Nitamupa Feza," akasema.

Nilimshukuru, nikaondoka, nikiogopa mvua. Sikilizeni vizuri: yule mama alinieleza kila kitu kwa maneno mawili, na mimi sikusikia.

Maana kwetu, na hili ninyi wa mijini mnaanza kulisahau, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani ovyo. Mama hampi mkwe kitu mkononi. Hali chakula mbele yake. Kulala chini ya paa la mkwe wake, hilo halisemwi hata kwa mchezo. Baba yangu mwenyewe, akimwona nyanya yangu mzaa mama anakuja kwenye njia, alikuwa akiingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Nimezaliwa ndani ya heshima hiyo. Lakini nilipofika ofisini na kufungua nakala, mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwenye karatasi zote za mwaka ule: nimemkabidhi mama mkwe wake, anayeishi naye.

Anayeishi naye! Sikumwuliza mama yule analala wapi. Niliandika tu, nikala sambaza wa Papa Anatole, nikaenda nyumbani.

Papa Bauma alitokea baada ya siku ishirini na sita. Alikuwa na karatasi ile, imekunjwa mara nyingi, inanuka sabuni ya mtoto. Feza alikuwa amekaa na homa zaidi ya wiki tatu, na mama yake hakutaka kumsumbua na karatasi, akaiweka chini ya nguo. Walipotoka kituoni ndipo Feza akaikuta, akampa mume wake. Siku ile ile akaanza safari.

"Nimekuya kurudisha mashitaka yangu," akasema. "Iko siku kumi na tano, njo munasemaka. Mimi nimeipata juzi."

Nilimwonyesha nakala yangu. Nilimwambia, tena kwa sauti ya mkubwa, kwamba karatasi ilifika nyumbani kwake siku ishirini na sita zilizopita, na muda umekwisha.

Hakupiga kelele. Aliangalia ile nakala ambayo hakuweza kuisoma yote, akasema polepole, "Sasa wale bamama batakunywa nini?"

Papa Anatole, ambaye nilidhani anahesabu stempu zake, akainua kichwa.

"Papa Bauma," akasema, "hii karatasi nani alikupatia?"

"Bibi yangu, Feza."

"Na bibi yako aliipata kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Juu ya nini mama yake hakukupatia yeye mwenyewe? Si anakaaka kwako? Analalaka kwako?"

Ninyi hamkuwaona watu wa zamani wakikasirika. Papa Bauma alisimama mpaka kiti kikaanguka. Mtu ambaye hakupandisha sauti kwa sababu ya senyenge, wala kwa sababu ya siku ishirini na sita, sasa aliipandisha.

"Papa, mimi nakuheshimu. Lakini unanitukana juu ya nini? Mukwe wangu alale kwangu? Mimi niko nyama ya pori?"

"Keti, Papa," Papa Anatole akamwambia kwa upole mkubwa, akamwinulia kiti yeye mwenyewe. "Nisamehe. Nilitaka huyu mutoto asikie."

Huyo mutoto nilikuwa mimi. Nilisikia mpaka masikio yakawaka moto.

Papa Bauma alipotoka kwenda kutafuta chakula, nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nikasema, "Chef, nibadilishe tarehe tu kwenye rejista. Niandike nilifika juzi. Nani atajua?"

Kiwiko kilitua juu ya rejista. Akasema zile rejista alizibeba kichwani siku mbili, akaacha sufuria za mke wake, kwa sababu kulikuwa na jambo moja tu la kuaminika katika nchi nzima, na lilikuwa limeandikwa mle. "Ukitaka kumusaidia ule muntu," akasema, "enda mbele ya juge useme vile ulifanya. Sitakulazimisha. Wanaweza kukufukuza kazi, na mimi sitakuwa na nguvu ya kukukingia."

Wadogo zangu, nilikuwa na mke na watoto wawili. Huissier anayesema mbele ya watu kwamba aliandika jambo asilolijua anajikata mguu. Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilichokuwa nakiona kila nikifumba macho ni kile kikombe cha maji, na yule mama akiniangalia ninavyomeza.

Basi tukaandika ombi la kurudisha mashtaka, tukaeleza kwamba karatasi haikumfikia Papa Bauma kwa njia ya haki, na kwa hiyo siku zake zilianza siku aliyoipata kwa Feza. Ikapangwa siku.

Hakimu alikuwa mama kijana, aliyetoka Kasai, hajamaliza mwaka kwetu. Nilisimama mbele yake nikasema: mimi ndiye niliyeandika kwamba mama huyu anaishi kwa mkwe wake, sikumwuliza, niliandika kwa mazoea, si kweli. Avoka wa tajiri alisimama akicheka. Akasema huissier anayebadili maneno baada ya muda kupita huwa amepewa sababu ya kubadili. Akasema pia kwamba desturi za kijijini si sheria, na kwamba mama mkwe kumtunza binti aliyejifungua bila kulala kwa mkwe ni hadithi za wazee. Chumba kilijaa manung'uniko. Hakimu akanituma nimwite mama ya Feza.

Alikuwa amekuja. Ametembea siku moja na nusu kwa miguu, kwa umri ule, akiwa nyuma ya Papa Bauma kwa umbali ambao mmoja hakumwona mwingine. Alisimama nje, pembeni mwa ukuta, amejifunika kikwembe kichwani. Na mvua ilikuwa imeanza.

"Mama, ingia," nikamwambia. "Mvua itakuua."

"Bwana ya mutoto yangu iko ndani?"

"Iko ndani."

"Basi niko muzuri hapa."

Nikarudi nikaeleza. Papa Bauma akasimama, macho chini, akamwomba hakimu ruhusa ya kutoka ili mama aingie. Na hapo avoka, kwa ujanja wake wote, akaruka. Hapana, akasema, mwenye kushtaki ni lazima abaki. Shahidi akisikilizwa mwenye kushtaki hayupo, yeye avoka atalalamika kwa maandishi, na uamuzi utavunjwa kwenye tribinali ya juu. Papa Bauma abaki. Mama aingie kama watu wengine.

Hakimu akasema sawa, abaki. Nikatoka mara ya pili. Mama hakuingia. Nikatoka mara ya tatu. Mvua ilikuwa imekuwa mvua kweli, inapiga mabati mpaka ndani hatukusikiana tena. Hakuna aliyeweza kuzungumza, kwa hiyo watu wote walikaa wakaangalia kupitia mlango ulio wazi. Yule mama alisimama pale pale, maji yanamtiririka kwenye mikono, hakulalamika, hakuomba kitu. Papa Bauma alikuwa amegeukia ukuta na kuziba uso kwa kofia yake. Nadhani alikuwa analia. Sijapata kuona watu wawili wanaoheshimiana hivyo, na nimeona ndoa nyingi na mazishi mengi.

Hakimu akainuka kwenye kiti chake, na joho lake jeusi, akatembea mwenyewe hadi barazani. Avoka akamfuata. Mimi nikawashikia mwavuli, ambao haukusaidia kitu.

"Mama," hakimu akapaza sauti, "siku ile ulipokea karatasi, ulikuwa unalala wapi?"

"Kwa dada yangu, kule chini. Mulango wake inaangalia muto." Akafuta uso. "Kwa Bauma? Mimi? Mama Juge, hata wewe unaona fasi niko, inje, na mvua hii."

Hakimu akamgeukia avoka, akasema, "Maître, asante. Umenisaidia sana."

Alirudi ndani, akamruhusu Papa Bauma atoke kwa mlango wa nyuma, na mama akaingizwa akapewa kikwembe kikavu na chai. Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata: karatasi haikukabidhiwa kwa mtu anayeishi nyumba ile, siku kumi na tano zilianza siku Papa Bauma aliyoipata, mashtaka yamerudishwa ndani ya muda. Miezi mitano baadaye hakimu alikwenda mwenyewe kuona chemchemi, viatu mkononi, na njia ikaamriwa ifunguliwe.

Mimi nilipewa barua ya lawama, iingie kwenye dosiye yangu mpaka mwisho wa kazi. Papa Anatole aliipiga chapa mwenyewe, nakala tatu, bila kukosea herufi hata moja. Nilipotia sahihi akanisogezea sambaza, akaniambia nile upesi, kuna karatasi za kupeleka Buleusa. Barua hiyo ninayo, nimekuja nayo leo, mnaweza kuisoma. Vyeti vyangu vingine viliungua wakati wa vita na sikuvililia.

Karatasi za kupeleka zilikuwa uamuzi wa kufungua njia. Hapo nawaombeni mvumilie kidogo, maana nafika mwisho na sauti yangu si ya kuaminika.

Nilifika kijijini asubuhi. Senyenge ilikuwa imekwisha kufunguliwa upana wa watu wawili na madumu yao. Papa Bauma alikuwa nyumbani. Nikamkabidhi mkononi mwake, akatia kidole cha wino. Ng'ambo ya uwanja, kwenye mlango wa nyumba inayoangalia mto, mama ya Feza alikuwa ameketi na mjukuu mgongoni. Sikuomba maji. Mambo niliyowafundisha leo, siku ile sikuwa na uso wa kuyafanya.

Nilimwona yule mama akimimina kikombe cha maji kutoka kwenye dumu. Akampa Feza. Feza akavuka uwanja, akampa mume wake, na Papa Bauma akanipa mimi. Nikanywa. Yalikuwa baridi, na hayakunuka kitu chochote.

Kisha mama akasema na Feza, kwa sauti ya kunifikia mimi lakini bila kuangalia upande wetu, "Feza, umuulize ule wa tribinali: leo ameandika niko naishi wapi?"

Wote walicheka, hata Papa Bauma aliyegeuka kando. Mimi nilifungua nakala. Haikuhitajika, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amepokea. Lakini nilivuka uwanja, nikachuchumaa mbele ya mama, nikamwuliza anaishi wapi. Akanieleza yote: kijiji chake ng'ambo ya mto, nyumba ya dada yake, mlango unaangalia wapi, anakuja lini na anarudi lini, na nani anampokea mzigo. Fomu ilikuwa na mstari mmoja. Niliandika mpaka pembeni, nikageuza, nikaendelea nyuma.

Papa Anatole aliisoma mbele na nyuma, polepole, na kiwiko kikiwa juu ya rejista. Akachukua muhuri, akagonga.